Bastola ya Bei Chee, Kiki ya Bei Mbaya

Video zenyewe zinafanana kiasi kwamba mtu anaweza kuzisimulia bila kuziangalia. Jamaa yuko Marekani, iwe Houston, iwe Columbus, iwe Minneapolis. Kavua shati, cheni shingoni, muziki unagonga nyuma. Mezani kuna sahani ya wali iliyoliwa nusu, bisibisi, kipande cha msasa, kichupa cha mafuta na mguu wa kuku uliofunguliwa vipande vipande. Anaupachika, anaukoki, unakwama. Anaugonga mezani mara mbili. Unakubali. Anacheka, kisha anaunyoosha moja kwa moja kwenye kamera. Huku nyuma mtoto mdogo anapita na pampasi yake kuelekea jikoni.

Kwenye maoni watu wanamwaga moto na mafuvu. "Kaka umetisha!" "Chuma hicho!" "Mtoto wa Temeke kateka majuu." Mmoja tu, tena hana hata picha ya wasifu, anauliza, "Huyo mtoto ni wa nani?" Hajibiwi.

Majina hayatajwi hapa. Wanaofuatilia wanawajua, na wasiowajua hawajapoteza kitu. Isitoshe, si mtu mmoja. Kuna msanii chipukizi, kuna dereva wa kusambaza vyakula, kuna mwanafunzi ambaye kwao wanauza ng'ombe kumlipia ada. Kinachowaunganisha ni hicho kidude cha mezani na imani kwamba kinawafanya waonekane watu wazito.

Basi ukweli usemwe. Kile kidude ni kibovu. Kimetengenezwa kwa bei ya kutupa, kinauzwa kwa bei ya kutupa, na simu inayokirekodi ina thamani kuliko chenyewe mara nne au tano. Na kila wanapokichokonoa kinazidi kuwa hatari kwa aliyekishika, kwa aliyelala chumba cha pili, na kwa makaratasi yaliyomfikisha mtu Marekani.

Historia ya mguu wa kuku wa maskini

Wanaojionyesha nazo wengi hawajui hata zilikotoka. Mwaka 1968 Marekani ilipitisha sheria ya kudhibiti silaha iliyoziba mlango wa bastola ndogo za bei rahisi kutoka nje. Ila sheria hiyo haikugusa viwanda vya ndani. Wajanja wakaona mwanya. Mwaka 1970 kampuni ya Raven ikaanza kusini mwa California, na baada yake zikafuata nyingine, baadhi zikiwa za ndugu na marafiki wa ukoo uleule: Bryco, Davis, Lorcin, Phoenix. Mwaka 1994 daktari mmoja wa dharura na mtafiti wa California, Garen Wintemute, aliandika ripoti kuhusu viwanda hivyo vilivyoizunguka Los Angeles, akavipa jina ambalo kwa Kiswahili ni Pete ya Moto.

Biashara yenyewe ilikuwa rahisi. Bastola nzuri hutengenezwa kwa chuma cha pua, na inachukua muda wa mashine na wa fundi. Hizi zilimiminwa kwenye kalibu kwa mchanganyiko wa zinki, ule unaotengenezewa vitasa vya milango na vigari vya kuchezea watoto. Chuma cha pua kinahitaji zaidi ya nyuzi 1,300 za Selsiasi ili kiyeyuke. Mchanganyiko huu wa zinki hauvuki 400. Ndiyo maana Illinois iliwakataza wenye maduka kuuza bastola za namna hiyo ambazo madini yake yanayeyuka chini ya nyuzi 800 za Fahrenheit, yaani kama 427 za Selsiasi. Jimbo zima lilikaa chini kutunga sheria dhidi ya silaha zinazoyeyuka kama mshumaa, na leo kuna kijana wa Kibongo anaiita moja ya hizo "mnyama".

Katikati ya miaka ya 1990, bastola ndogo ya Lorcin ndiyo iliyokuwa ikiongoza kwenye orodha ya silaha ambazo polisi walizipeleka kwa idara ya serikali kuu, ATF, zichunguzwe zilikotoka. Mwishoni mwa miaka hiyo kampuni ilikuwa imekufa. Bastola zake hazikufa nayo. Ziko kwenye droo, kwenye madalali wa vitu vilivyowekwa rehani, na kwenye mikoba ya washkaji wanaouziana kwenye maegesho ya magari. Kijana akinunua leo, ananunua kitu kilichomiminwa kabla hajazaliwa, hakina kampuni ya kukilalamikia wala mahali pa uhakika pa kupata vipuri.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakijui. Marekani ina tume ya usalama wa bidhaa za walaji. Kibaniko cha mkate kikishika moto, tume inaingilia. Bastola ya plastiki ya mtoto inawekewa masharti isiwe na madini ya risasi kwenye rangi. Ile yenye risasi za kweli? Mwaka 1976 Bunge lao liliifunga tume hiyo mikono isiguse silaha wala risasi. Yaani kidude cha kuchezea kina mkaguzi wa bidhaa, na cha kuulia hana.

Fundi wa YouTube

Sasa turudi mezani kwa jamaa na msasa wake.

Bastola mbovu hukwama kwa sababu zinazojulikana. Magazini imepinda midomo, springi imechoka, njia ya risasi ina makwaruzo, ganda linashindwa kutoka linabaki limesimama wima kama mlingoti. Fundi wa silaha aliyesomea anajua kipi kiguswe na kipi kiachwe. Fundi wa YouTube hajui, ila ana jioni nzima na mtandao wa bure. Anasugua. Anabadilisha springi ya hii na ya ile. Anaminya magazini kwa plaizi. Halafu anafika kwenye kifyatulio, kwa sababu kasikia kikilainishwa inakuwa "tamu".

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Vile vipande vidogo vinavyoshikiliana ndani ndivyo vinavyoizuia bastola isilie mpaka kidole kiamue. Kwenye chuma kigumu, fundi akikosea kidogo anaweza kuona. Kwenye zinki laini, tupa ikipita mara tatu zaidi, kile kinachoshikilia kimekuwa hakishikilii. Bastola inaweza kulia kwa kuanguka, kwa kugongwa mezani, au kwa kufungwa tu. Na jamaa anaigonga mezani kila siku, laivu, huku watu wanatuma mioyo.

Kuna la pili. Risasi mbovu ikifyatuka kwa nguvu pungufu, inaweza kukwama ndani ya mtutu. Aliyezoea bastola inayogoma hashtuki, anaona ni yale yale, anaikoki tena, anapiga. Risasi ya pili inaikuta ya kwanza njiani, na mtutu unapasuka ukiwa mkononi. Ndiyo hasara kubwa ya kuishi na silaha inayokwama kila siku: inamfundisha mtu kupuuza dalili ambazo mwenye silaha nzima angezisimamisha kila kitu.

Na wapo waliopitiliza, wanaofunga kidubwasha cha kuifanya bastola imwage mfululizo. Hao wasijidanganye kwamba ni utundu. Kwa sheria ya serikali kuu ya Marekani hiyo tayari ni bunduki ya rashasha isiyosajiliwa, na kifungo chake kinafika miaka 10.

Mvulana wa Willits

Wakati jamaa anacheka na kidude chake, kuna kisa kinapaswa kuwekwa mbele yake.

Mwaka 1994, mji mdogo wa Willits, California. Mvulana wa miaka 7 alikuwa nyumbani. Bastola ya Bryco ilikuwa imetolewa ikiwa na risasi, na kijana wa miaka 20, rafiki wa familia, akaona ni hatari, akaamua kuitoa risasi. Alikuwa anafanya jambo la busara kabisa. Ila bastola ile ilitengenezwa kwa namna kwamba ili uifungue utoe risasi, ilikubidi kwanza uiondoe kwenye usalama. Kijana akaiondoa kwenye usalama. Ikalia. Mvulana akapigwa kidevuni, na tangu siku hiyo amepooza kuanzia shingoni kwenda chini.

Kesi ikachukua miaka. Mahakamani ikaelezwa kwamba muundo huo haukuwa bahati mbaya. Bastola za namna ile zilikuwa zinakwama zikiendeshwa huku usalama umefungwa, na badala ya kulitibu tatizo, zikaundwa zisifunguke kabisa mpaka usalama utoke. Yaani kasoro ya kukwama ilifunikwa kwa kasoro ya kuua. Mwaka 2003 baraza la wazee wa mahakama huko Oakland lilimpa mvulana yule ushindi, na sehemu ya watengenezaji na wasambazaji ilikuwa kama dola milioni 24. Kampuni ikakimbilia kwenye kufilisika.

Mwaka uliofuata mabaki ya kiwanda yakapigwa mnada. Kijana yule, sasa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akachangisha pesa mtandaoni ainunue kampuni iliyomlemaza, ayeyushe bastola zote zilizobaki. Alifika dola 505,000. Msimamizi wa zamani wa kiwanda akatoa 510,000. Dola elfu tano zikaamua. Bastola zikaendelea kumiminwa kwa jina jipya mpaka kampuni hiyo nayo ilipofilisika mwaka 2020.

Basi mtu akiona mtoto wa pampasi anapita nyuma ya video, akumbuke kwamba aliyemlemaza mvulana wa Willits hakuwa jambazi, hakuwa mlevi, wala hakuwa anatafuta kiki. Alikuwa anajaribu kuifanya bastola iwe salama. Kama wa nia njema yalimkuta hayo, anayeigonga mezani apate laiki anategemea nini?

Makaratasi yanateketea

Kuna wanaosema, "Acheni wivu, Marekani silaha ni haki." Ni haki, ila si ya kila aliyeshuka kwenye ndege.

Sheria ya serikali kuu inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, na wanafunzi wamo, kuwa na bunduki au hata risasi, ukiacha watu wachache wenye nafasi maalumu kama leseni ya uwindaji. Asiye na makaratasi halali ndiyo kabisa. Tangu mwaka 2022 kifungo kinaweza kufika miaka 15. Mwenye grinkadi anaruhusiwa kumiliki, lakini akitiwa hatiani kwa kosa la silaha, kosa hilo peke yake linatosha kumfungulia mlango wa kurudishwa kwao. Na ule mchongo wa kumtuma mshkaji mwenye uraia aende dukani akununulie? Huo nao ni kosa, tena linawafunga wote wawili.

Kuna kesi ya mwanafunzi kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu. Alifukuzwa chuo, akabaki Marekani, akaenda uwanja wa kulenga shabaha akapiga risasi. Hakumtishia mtu. Akashtakiwa, akahukumiwa miezi 18. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikasema upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba mshtakiwa alijua hadhi yake haimruhusu. Sasa piga hesabu. Mtu anayeandika kwenye wasifu wake kwamba ni mwanafunzi wa kimataifa, kisha anajirekodi na bastola, uso wazi, sauti yake mwenyewe, mahali kapatia alama, huyo kamwachia mwendesha mashtaka kazi gani tena? Ushahidi kaupiga mwenyewe, kauhariri mwenyewe, na muziki kauwekea.

Na wakati hayo yanatokea, huku nyumbani mama anaonyeshwa video na jirani. Hana habari ya viza wala ya Mahakama ya Juu. Anatuma sauti ya sekunde tano tu: "Mwanangu, hicho ulichoshika ni nini?" Ng'ombe aliyeuzwa harudi.

"Kwa hiyo maskini asijilinde?"

Hili ndilo jibu lao kubwa, na linastahili kujibiwa kwa heshima. Wapo wabeba boksi wanaorudi saa tisa usiku, mitaa yao ni mibaya, polisi wanachelewa, na dola 600 za bastola nzuri hawana. Kumcheka mtu kwa sababu silaha yake ni ya bei rahisi ni ubishoo tu. Tena haki isemwe: si kila ya bei chee ni takataka. Hi-Point za Ohio, nzito kama tofali na sura mbaya, zinatukanwa mtandaoni kila siku, ila wengi waliozitumia wanasema zinalia na kampuni inazitengeneza bure zikiharibika. Mwaka 2019 kampuni hiyo iliomba watu wapendekeze jina la bastola yake mpya, utani wa mitandao ukashinda, ikaitwa Yeet Cannon. Angalau hao wamekubali kuchekwa.

Lakini swali linabaki palepale. Anayetaka kujilinda anahitaji kitu kimoja tu kutoka kwa silaha: iitike siku moja, bila kubembelezwa. Inayohitaji kugongwa mezani haitamsubiri mwizi amalize kuhesabu mpaka kumi. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Anayejali usalama anajichangisha taratibu, ananunua ya mkono wa pili iliyokaguliwa na fundi mwenye leseni, anajifunza kuitumia, anaifungia kwenye kisanduku chenye kufuli, na hakuna anayejua anayo. Asiyeonyesha ndiye anayejilinda. Anayeonyesha anatangaza kwa wezi kwamba ndani kuna mali.

Ndiyo maana hoja ya umaskini haiwafai hawa wa video. Maskini anayeogopa haweki ulinzi wake laivu.

Adui aliye chumbani

Na kuna jambo ambalo washkaji hawalizungumzi kabisa. Zaidi ya nusu ya vifo vya silaha Marekani ni vya watu waliojiua wenyewe. Si majambazi, si polisi. Ni mtu na usiku wake.

Wanaoishi majuu wanajua usiku huo. Zamu mbili, baridi, kodi, simu kutoka nyumbani zinazoanza na "kaka, tumekwama". Mchumba kaondoka. Viza inaisha. Kwenye video mtu anacheka, kamera ikizimwa anabaki na ukimya na droo. Wazo baya hupita kama homa, aliyelipita leo kesho anashangaa lilimjiaje. Bastola haimpi hiyo kesho. Na ubaya wa kibovu ni kwamba hukwama siku ya kuhitajika, ila hakuna wa kuahidi kwamba kitakwama siku hiyo. Rafiki wa kweli akiona mwenzake kaanza kunyamaza, hampi moto kwenye maoni. Anampigia, anamwendea, anamwomba akamwekee hicho kidude mahali pengine mpaka upepo upite. Marekani ukipiga 988 unapata mtu wa kuongea naye, mchana na usiku.

Ajali hii ina kinga

Siku ikitokea, posti za rambirambi zitaandikwa haraka, na sentensi ya kwanza itakuwa ile ile: ajali haina kinga. Hii inayo. Kinga yake ni kuacha tupa na kifyatulio, kumpelekea fundi mwenye leseni au kuipeleka kwenye zile siku ambazo miji hukusanya silaha bila maswali mengi. Kinga yake ni kufuli. Kinga yake ni yule asiye na picha ya wasifu aliyeuliza mtoto ni wa nani, angepata wenzake hamsini wa kuuliza naye.

Maana ukweli mchungu ni huu: jamaa hachokonoi bastola kwa ajili ya bastola. Anaichokonoa kwa ajili ya hadhira. Siku video ya mguu wa kuku ikipata laiki kumi na maswali mia mbili, msasa utarudi kwenye kabati na mtoto atapita jikoni kwa amani.

Wadau, semeni hapo chini: video ya aina hiyo ikitua kwenye simu yako leo usiku, utatuma moto, au utauliza mtoto ni wa nani?